Kumfungia mraibu chumbani si tiba

Ndugu Mhariri,

Kila suala la ulevi na dawa za kulevya linapoandikwa magazetini, maoni yanayofuata huwa na ushauri uleule: mchukueni kijana wenu, mfungieni ndani wiki nzima, mnyimeni kila kitu, akitoka atakuwa mtu mpya. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na watu waliochoka. Lakini unaua, na unaua kwa njia mbili tofauti kulingana na kilevi alichozoea mtu. Aliyezoea pombe anaweza kufia ndani ya chumba hicho. Aliyezoea heroini huenda akatoka humo mzima, halafu akafa siku atakayorudia mara ya kwanza. Sisi tunaowahudumia watu wenye uraibu tunaomba nafasi ya kueleza tofauti hiyo, maana familia nyingi huijua baada ya mazishi.

Kwanza, uraibu wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaangalia mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia, yaani anapoanza hawezi kupanga kiasi wala muda, kilevi kimetangulia mbele ya kazi, watoto na afya yake, na mwili umezoea, kwa maana ya kuhitaji kiasi kikubwa zaidi au kuugua anapokosa. Mawili kati ya hayo, yakijitokeza kwa miezi 12, au kwa miezi 3 kwa anayetumia kila siku au karibu kila siku, yanatosha. Tabia mbaya na malezi mabaya havimo katika orodha hiyo.

Sasa pombe. Pombe hutuliza ubongo kwa kuitia nguvu kemikali iitwayo GABA, inayopoza, na kuikandamiza nyingine iitwayo glutameti, inayoamsha. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujipanga upya ili uweze kufanya kazi ndani ya ulevi: unapunguza usikivu wake kwa kinachopoza na kuongeza kinachoamsha. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, kila mmoja upande wake. Mlango umetulia, kumbe wote wanatumia nguvu zao zote. Ukimwondoa mmoja ghafla, mwenzake anaporomoka kwa kasi ileile aliyokuwa akisukumia. Pombe ndiyo inayoondolewa, na kinachoporomoka ni ubongo uliobaki umeamshwa kupita kiasi.

Mambo hufuatana kwa mpangilio unaotabirika. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho, mikono hutetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, kichefuchefu na wasiwasi vinaingia, usingizi unakataa. Kati ya saa 6 na 48 mtu anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne ndipo inapoweza kuja hali mbaya kuliko zote: anachanganyikiwa, hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo, mwili unapata joto kali, shinikizo la damu linapanda. Hapo familia hudhani amerukwa na akili au amepagawa, wanamfunga kamba. Mtu aliyefungwa anapambana, joto linazidi, misuli inaharibika, na moyo unaweza kusimama. Hali hiyo ni dharura ya hospitali kama ilivyo ajali ya barabarani. Akitibiwa mapema, wengi hupona kabisa.

Kuna watu ambao hawapaswi kabisa kuacha pombe wakiwa nyumbani: aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha zamani, anayeamka akitetemeka na kulazimika kunywa asubuhi ndipo mikono itulie, mjamzito, mzee, mwenye ugonjwa wa ini au moyo, aliyeumia kichwa, anayetumia pia vidonge vya usingizi, anayezungumzia kujiua, na yule asiye na mtu mzima, asiyekunywa, wa kukaa naye usiku na mchana kwa siku hizo zote. Tunalisisitiza la kifafa cha zamani kwa sababu kila safari ya kuacha ghafla bila dawa huuacha ubongo ukiwa mwepesi zaidi kuripuka safari inayofuata. Mtu aliyeacha mara tano nyumbani "na hakufa" hajapata kinga. Ya sita inaweza kuwa kali kuliko zote.

Hospitali hufanya nini ambacho nyumba haiwezi? Humpa dawa ya jamii ya diazepamu, inayochukua nafasi ya pombe kwa muda, kwa kiasi kinachopangwa kwa kumpima mgonjwa kila baada ya saa chache, kisha dawa hiyo hupunguzwa na kuondolewa, kwa kawaida ndani ya wiki moja. Mwenye ini lililochoka hupewa lorazepamu, kwa kuwa ini hilo huchukua muda mrefu mno kuivunja diazepamu. La pili ni thiamini, yaani vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo, na utumbo wake haufyonzi vitamini hiyo vizuri. Ikikosekana, ubongo huharibika: macho yanacheza au yanashindwa kufuata kitu, miguu inapepesuka hata bila pombe, akili inachanganyikiwa. Wakati mwingine kumbukumbu hupotea na hairudi tena. Aliyedhoofika hapewi vidonge tu, anachomwa sindano. Na hapa kuna kosa linalofanyika hata kwenye vituo vya afya: mlevi analetwa hoi, anatundikiwa dripu ya sukari moja kwa moja. Sukari hiyo humaliza akiba ndogo ya thiamini iliyobaki na inaweza kuharakisha madhara hayo. Thiamini inatangulia dripu ya sukari, au inakwenda pamoja nayo. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu, "Amepata thiamini?"

Na kama hospitali haijapatikana leo? Basi asiache leo. Tunajua sentensi hiyo itawashangaza wengi, lakini kwa anayetetemeka asubuhi, kuendelea kunywa kwa kiasi kinachopungua ni salama kuliko kusimama ghafla. Kwanza pima. Zidisha ujazo kwa mililita na kiwango cha pombe kilichoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79, jibu ni gramu za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Chupa ya mililita 750 ya pombe kali ya asilimia 40 ina takriban gramu 237, sawa na karibu bia 12 za namna hiyo. Wiki ya kwanza asipunguze. Anywe kiasi chake kilekile, akiandika kila glasi, ili ijulikane anaanzia wapi. Kisha apunguze sehemu moja ya kumi, akae hapo siku nne, ndipo apunguze tena. Akianza kutokwa jasho na kutetemeka, amekwenda haraka mno. Arudi kiasi cha juu kidogo na kukaa hapo wiki nzima. Pombe isiyo na lebo haiwezi kupimwa hivi, kwa sababu nguvu yake hubadilika kila inapotengenezwa. Anayeinywa atafutiwe hospitali.

Vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepamu vinafuata sheria ileile ya pombe: kusimama ghafla kunaweza kuleta kifafa. Hupunguzwa kwa miezi, pengine zaidi, na daktari ndiye anayepanga.

Heroini na jamii yake, kama mofini, kodeini, tramadoli na fentanili, ni habari nyingine. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza ndani ya saa 8 hadi 24, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na huanza kuisha baada ya siku 5 hadi 10. Miayo, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, kukosa usingizi. Ni mateso, wala tusiyapuuze, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kumuua, ilimradi anapata maji ya kutosha na chumvi za kurudishia maji mwilini. Anayefungiwa huku akiharisha na kutapika bila maji anaweza kufa kwa kukaukiwa, jambo ambalo ndoo moja ya maji safi na pakiti za chumvi hizo zingelizuia. Mjamzito asiachishwe ghafla hata siku moja. Kwake tiba ni methadoni au buprenofini, dawa za jamii hiyohiyo zinazotuliza arosto, chini ya uangalizi, hadi ajifungue na baada ya hapo.

Hatari ya heroini inakuja baadaye. Mwili uliokuwa ukistahimili dozi kubwa hupoteza ustahimilivu huo ndani ya siku chache tu, ilhali hamu inabaki palepale. Mtu anatoka chumbani, soba hausi (nyumba ya kuachishia ulevi) au gerezani, anakutana na wenzake, anatumia kiasi alichokizoea zamani. Kiasi hicho sasa kinazima sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ni kati ya vipindi vyenye vifo vingi zaidi kwa watumiaji wa heroini, na sababu ndiyo hiyo. Kumsafisha mtu damu kisha kumrudisha mtaani bila dawa ya kumshikilia ni kumpunguzia ustahimilivu na kumwacha na njaa ileile.

Dawa ya kumshikilia ipo. Katikati ya miaka ya 1960, Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha jijini New York kwamba methadoni inayonywewa mara moja kwa siku inaondoa arosto na kupunguza hamu bila kumpa mtu stimu. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni na buprenofini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tunasikia kila siku kwamba huko ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Si kweli. Heroini inapanda na kushuka mara tatu au nne kwa siku, na kati ya kupanda na kushuka ndipo kuna wizi, sindano za kushirikiana, maambukizi ya VVU na homa ya ini. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mtu anakunywa asubuhi, anakwenda kazini, analala.

Ila ina masharti yake. Siku ya kwanza mgonjwa huanza na miligramu 20 hadi 30 na hapaswi kuvuka 40, hata akilalamika, kwa kuwa dawa hii hujikusanya mwilini siku hadi siku na dozi iliyoonekana ndogo Jumatatu inaweza kumzimisha Alhamisi. Hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Kosa la vituo vingi ni kumwacha mtu kwenye 30 au 40 kwa miezi kwa kuogopa, halafu kumlaumu kwamba "bado anatumia". Dozi haijamtosha. Kosa la wagonjwa ni kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, na mchanganyiko huo unazima pumzi. Buprenofini nayo, inayowekwa chini ya ulimi, isitumiwe mapema: akiitumia kabla arosto haijaanza wazi, kwa kawaida saa 12 hadi 24 baada ya heroini, itaisukuma heroini itoke na kumtupa kwenye arosto kali ya ghafla. Wengi walioikataa dawa hiyo kwa maneno "ilinitesa" waliitumia saa isiyofaa.

Familia yenye mtumiaji wa heroini ijue dalili za kuzidisha dozi: mboni za macho ndogo kama ncha ya pini, midomo na kucha kuwa za bluu au kijivu, pumzi za kuhesabika, na mkoromo mzito wenye mlio wa maji kooni. Mkoromo huo ndio unaodanganya. Watu humfunika shuka wakisema "mwacheni alale", kumbe njia ya hewa inaziba. Mwite kwa sauti, msugue kwa nguvu mfupa wa kifua. Asipoitikia, ita msaada wa dharura, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde 5. Kama naloksoni ipo, yaani dawa inayozima nguvu ya heroini na jamii yake, mpe: sindano ya miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, au ya kupuliza puani. Asipoanza kupumua vizuri ndani ya dakika 2 au 3, mpe ya pili, na usiache kumpulizia. Akianza kupumua, mlaze ubavu. Usiondoke. Nguvu ya naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90, na heroini au methadoni iliyomo mwilini inaweza kumzimisha upya. Maji baridi, maziwa na makofi ni kupoteza dakika zilizobaki. Tunaliomba gazeti lako, Mhariri, lichapishe hatua hizi kwenye kisanduku peke yake, pamoja na namba ya dharura, zikatwe na kubandikwa ukutani.

Kokeini na methamfetamini hazina dawa iliyothibitishwa kama methadoni. Anayeacha hulala kwa siku kadhaa, hula sana, kisha huingia kwenye huzuni nzito, mchungeni asijidhuru. Kinachosaidia zaidi ni mpango wa zawadi ndogo kwa kila kipimo safi cha mkojo, zawadi inayokua kadiri anavyoendelea na kurudi mwanzo akiteleza. Wapo wanaoudharau mpango huu kuwa ni hongo. Matokeo yake ni mazuri kuliko mahubiri. Anayeacha bangi hukasirika upesi na kukosa usingizi kwa wiki mbili hivi, wala hahitaji kulazwa, isipokuwa kama anasikia sauti au ana hofu ya kufuatwa.

Kuna jambo moja linalofanywa kwa siri na ambalo tunaomba likome: kumtilia mlevi disulfiramu kwenye chakula. Dawa hiyo huzuia ini kumaliza kuvunja pombe, hivyo sumu iitwayo asetaldehidi inajaa mwilini. Akinywa, uso unawaka, kichwa kinagonga, anatapika, shinikizo la damu linaporomoka. Mwenye moyo dhaifu anaweza kufa mezani. Yeye hajui amekula nini, na daktari atakayempokea hajui pia. Nguvu yake hubaki hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho, na haitakiwi kuanzwa kabla ya saa 12 kupita tangu kunywa. Kwa mtu aliyekubali mwenyewe na anayemezeshwa mbele ya mke, mume au muuguzi, inasaidia. Kwa siri ni sumu. Naltreksoni, miligramu 50 kwa siku, inapunguza raha ya pombe na haina ukali huo, lakini asipewe kamwe anayetumia heroini, tramadoli au methadoni. Lazima awe amekaa siku 7 hadi 10 bila jamii hiyo ya dawa, na hadi wiki mbili kama ni methadoni, vinginevyo itamwangusha kwenye arosto papo hapo.

Baada ya mwili kusafika ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo familia hulegea kwa kudhani imekwisha. Usingizi unaweza kuwa mbovu kwa miezi. Hamu huja kwa mawimbi. Wimbi lisipolishwa, mara nyingi hushuka lenyewe ndani ya nusu saa. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba sehemu kubwa ya kurudia hutokana na hali tatu: hisia nzito kama hasira na upweke, ugomvi na watu, na kushawishiwa na wenzake. Basi mpango uandikwe kwa kutaja hali zake yeye, kwa majina na saa. Siku ya mshahara pesa zinashikwa na nani? Njia gani ya kurudi nyumbani haipiti kijiweni? Namba zipi zinafutwa kwenye simu? Ugomvi ukizuka usiku, anampigia nani? Chupa za "wageni" kabatini nazo ziondoke. Mikutano ya waraibu wenzake, mfano wa ile ya walevi iliyoanzia Akron, Ohio mwaka 1935, haina ada na humpa mtu pa kwenda jioni zile ambazo zamani zilikuwa za kunywa.

Uandikwe pia ukurasa wa kuteleza. Akinywa glasi moja, afanye nini ndani ya saa hiyo? Aondoke mahali hapo, ampigie mtu aliyetajwa, kesho yake aende kliniki. Kinachogeuza glasi moja kuwa miezi mitatu ni aibu na ile fikra ya "nimeshaharibu, basi tena". Kwa heroini tunaongeza neno gumu: kama atarudia, asitumie akiwa peke yake, na aanze na kiasi kidogo sana kuliko cha zamani. Kumwambia hivyo hakumruhusu kurudia. Kunamwacha hai arudi kliniki.

Mazungumzo ya nyumbani yafanyike asubuhi akiwa hajalewa, na mtu mmoja, si kikao cha ukoo kizima. Taja ulichokiona: "Jumamosi ulianguka mlangoni na mtoto alikuwa anaangalia." Kisha muulize yeye anataka nini, na unyamaze asikike. Msimlipie madeni ya kilevi wala kumdanganyia bosi wake. Chakula na mahali pa kulala visigeuzwe fimbo.

Mwisho ni kwa wanaotafuta kituo cha kumpeleka ndugu yao. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni: siku tano za kwanza ni nani mwenye taaluma ya tiba anayekuwepo usiku? Akianguka kifafa mnafanya nini, na hospitali iko umbali gani? Mnampokea anayetumia methadoni, au mnamlazimisha aiache? Kuna minyororo, viboko au chumba cha kufungia? Naloksoni mnayo, na nani anajua kuitumia? Mnakaa na mtu kwa muda gani? Matibabu yasiyofika siku 90 kwa ujumla matokeo yake ni dhaifu, na methadoni isiyofika miezi 12 vilevile. Akitoka, nani anamfuatilia katika zile wiki mbili za kwanza, na kwa njia gani? Ombeni majibu mbele ya mgonjwa mwenyewe, kabla hajakabidhi mzigo wake.

Wenu,
Wahudumu wa tiba ya uraibu